Ulinganisho: kuchambua michezo yako ya chesi kwenye tovuti yenyewe au kwa programu ya kompyuta

FarasiMweusi (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam. Nina michezo mingi niliyoicheza mtandaoni, hasa ya dakika 10, sehemu ikiwa Lichess na sehemu Chess.com, na nimeamua kuanza kuipitia ile niliyoshindwa badala ya kucheza mchezo juu ya mchezo bila kujifunza chochote. Nimeona njia tatu: kubonyeza kitufe cha uchambuzi palepale kwenye tovuti, kupakua michezo yote katika faili la PGN (faili la maandishi lenye hatua za michezo) na kuifungua kwa Scid vs. PC, programu ya kompyuta ya kuhifadhi na kuchambua michezo, au kununua ChessBase, programu nyingine ya aina hiyo. Kompyuta yangu ni ya mkononi, ya kawaida, yenye RAM ya GB 8. Naomba aliyetumia zaidi ya njia moja anieleze zinatofautiana wapi, kwa sababu kila ninakotazama injini, yaani programu inayopiga hesabu za hatua bora, ni ileile, Stockfish.

Askari_h7

Ndugu yangu, umegusa jambo la msingi. Stockfish ni programu huria, inapatikana bure tangu mwaka 2008, na leo hata ikiwa ndani ya simu inamzidi bingwa wa dunia. Kwa hiyo nguvu ya injini si kigezo cha kuchagulia. Kigezo ni kile kilichojengwa kuizunguka.

Lichess inakupa uchambuzi wa mchezo mzima bure, na hesabu zake hufanywa na kompyuta ambazo watu wa kujitolea wameziunganisha na mtandao huo. Kitu ninachokithamini zaidi pale ni sehemu inayokurudisha kwenye kila kosa lako na kukutaka utafute mwenyewe hatua bora kabla haijakuonyesha jibu. Chess.com hueleza makosa kwa maneno, jambo linalomsaidia sana anayeanza, lakini asiyelipia huwekewa kikomo cha michezo anayoweza kuichambua kwa njia hiyo. Kwa mchezo mmoja uliomalizika sasa hivi, sioni sababu ya kutoka kwenye tovuti.

Ngome_ya_Mwisho

Nakubaliana na Askari_h7 kuhusu mchezo mmoja, ila mwenye mada ameuliza kuhusu michezo mingi, na hapo ndipo mambo yanapobadilika kabisa. Tovuti hukuonyesha ulikosea wapi leo. Ukiwa na michezo yako yote katika hifadhidata moja, utaona kosa unalolirudia tangu mwaka jana.

Nitoe mfano (herufi na namba hutaja mraba ambao kete inakwenda). Tuseme unacheza na weusi, na mchezo unaanza e4 e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, farasi f6, kisha mweupe anampeleka farasi wake g5 na wewe unajibu d5. Mweupe anakula d5, nawe unakula askari huyo kwa farasi. Tovuti itatia alama ya kosa kwenye hatua hiyo ya tano na kukushauri farasi wa c6 aende a5, kwa kuwa mweupe sasa anaweza kumtoa farasi wake mhanga kwenye f7 na kumburuta mfalme wako hadi e6, au kucheza kwanza d4, ambayo injini nyingi huipenda zaidi. Utasoma, utakubali, utafunga ukurasa. Katika Scid vs. PC unafungua dirisha la mti wa hatua ukiwa kwenye nafasi hiyohiyo, yaani mpangilio uleule wa kete ubaoni, na linakuonyesha umeifikia mara ngapi, ulijibu nini kila mara, na matokeo yalikuwaje. Mtu akishaona kwamba kosa hilohilo limempotezea michezo mingi, hahitaji kuhimizwa tena ajifunze ufunguzi huo.

Programu hiyo ni ya bure, inakuruhusu kuchuja michezo uliyoshindwa ukiwa na rangi fulani, na unaweza kuiacha ichambue mfululizo wa michezo usiku kucha. RAM ya GB 8 inatosha na kubaki. ChessBase, inayotengenezwa Hamburg, ina zana nyingi zaidi, lakini ni ya kulipia na ni ya Windows; mimi ningeiacha kwa wanaojiandaa kwa mashindano makubwa.

Mwalimu_wa_Klabu

Naomba niongeze tahadhari, kwa kuwa nawaona vijana wengi wakisoma tarakimu za injini kama wanavyosoma alama za mtihani. Alama ya + huonyesha mweupe anaongoza, na 0 ni sawa kwa sawa. Tuseme unacheza na weupe: alama ikishuka kutoka +9 hadi +6 hakuna kilichoharibika, bado unashinda. Ikishuka kutoka +1 hadi 0, umepoteza faida yako yote. Ndiyo maana Lichess hupima makosa kwa kuangalia nafasi yako ya kushinda imepungua kiasi gani, wala haitazami tofauti ya alama peke yake. Ukitumia injini tupu kwenye kompyuta, kazi hiyo ya kupima uzito inakuwa yako.

Pili, pitia mchezo bila injini kwanza na uandike ulichokuwa unafikiri. Botvinnik, bingwa wa dunia wa zamani, aliwataka wachezaji wachambue michezo yao kwa uaminifu zamani kabla kompyuta hazijaweza kutusaidia, na ushauri wake haujapitwa na wakati. Injini inajua kwamba farasi alipaswa kwenda a5. Haijui kama uliiona hatua hiyo ukaikataa au hukuiona kabisa, na tiba ya makosa hayo mawili si moja.

Tatu, tazama muda. Faili unazopakua kutoka tovuti zote mbili huweza kubeba muda uliobaki baada ya kila hatua. Wanafunzi wangu kadhaa waliodhani wana udhaifu wa hatua za mwisho walikuwa tu wanafika huko wakiwa na sekunde chache.

Kete_za_Simu

Kwa wasio na kompyuta, programu ya DroidFish ya simu za Android hufungua PGN na kutumia Stockfish bila bando. Weka injini ionyeshe mistari (mifuatano ya hatua inazopendekeza) miwili au mitatu badala ya mmoja, ili utofautishe nafasi yenye hatua moja tu ya kukuokoa na nafasi ambamo chochote kingefaa. Betri itaisha haraka.

FarasiMweusi (mwanzisha mada)

Nawashukuru sana. Nitaanza na Scid vs. PC, na Lichess nitaitumia kwa mchezo wa siku. Swali moja limebaki: jina langu ni tofauti kwenye tovuti hizo mbili. Je, programu itanihesabu kama watu wawili?

Ngome_ya_Mwisho

Ndiyo, itakuhesabu hivyo. Ukishaunganisha mafaili, ingia kwenye sehemu ya matengenezo, fungua kihariri cha majina, ubadilishe jina moja lilingane na jingine, kisha ufute michezo iliyojirudia. Fanya hivyo kabla ya kuanza uchambuzi, na uhifadhi nakala ya mafaili ya awali mahali pengine.