Saa nane usiku macho kodo

Fundi Cherehani:
Wakuu, nashona Manzese, nafunga saa tatu usiku. Mwezi wa pili sasa: saa nne nimejitupa kitandani, saa nane macho kodo nahesabu mabati. Vidonge vya usingizi sitaki. Mnafanyaje?

Shangazi:
Kahawa unakunywa saa ngapi?

Fundi Cherehani:
Ile ya kijiweni, vikombe vitatu saa moja jioni. Vidogo lakini!

Shangazi:
Vidogo lakini chungu. Ukishainywa, hata baada ya muda wa masaa matano hivi karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Ihamishie asubuhi, mwanangu.

Mlinzi Mstaafu:
Mdogo wangu, zamu za usiku ziliniharibu miaka mingi. Usingizi ukikataa kama dakika 20, toka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, simu iache. Ukisinzia ndiyo urudi. Na uamke saa ileile kila siku, hata Jumapili. Mimi wiki ya kwanza nilitembea kama mlevi. Ila kama unakoroma sana na kuamka umechoka, kamwone daktari.

Fundi Cherehani:
Mrejesho: kahawa sasa nanywa saa mbili asubuhi. Jana nimeshtuka saa kumi alfajiri. Si haba. Ila kijiweni wameninunia.