Tunajua kuna mbadala unaoheshimu faragha zaidi, mbona bado tumeng'ang'ania WhatsApp?

Wakuu, naomba tulijadili hili.

Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya faragha, watu waliwaka. Kila kona ni "tuhamie Signal", programu nyingine ya kutumiana ujumbe, hadi mitambo ya Signal ikaelemewa na wageni na kuzima. WhatsApp wakasogeza tarehe ya mwisho kutoka 8 Februari hadi 15 Mei. Mei ikafika, tukabonyeza "kubali", maisha yakaendelea.

Wapo wanaosema sisi ni wavivu, hatujali. Nakataa.

Mwaka ule nilijaribu kuhamisha kikoba chetu, watu 23. Niliwaeleza kwamba hata WhatsApp ujumbe wenyewe umefungwa, hausomwi njiani, ila kampuni inajua unawasiliana na nani, saa ngapi, mara ngapi. Signal iko chini ya taasisi isiyotafuta faida na haina matangazo. Walinielewa vizuri tu. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima, akanipa simu yake niangalie: hifadhi imejaa. Apakue programu nyingine, basi afute picha za mjukuu. Na bando alilonunua lilikuwa la WhatsApp tu, nje ya hapo hakuna kinachofunguka. Tulihama wanne. Wiki ya tatu tukarudi, maana michango na taarifa za misiba zote zilikuwa kule kule.

Sasa niambieni, yule mama amekosea wapi?

Najua kuna watakaosema kila mtu aanze na nafsi yake. Lakini programu ya mawasiliano si kama sabuni, kwamba ukibadilisha umebadilisha wewe. Unahama na watu wako au huhami. Kumbukeni pesa za simu hapa Tanzania kabla mitandao haijaanza kuunganishwa 2014. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, hela haiingii moja kwa moja kwenye akaunti yake, na wengi tulitembea na laini mbili tatu. Tatizo halikumalizwa kwa kuwasema wateja. Mitandao ilikubali kupokeana, na laini tukabaki nazo zile zile.

Ulaya wameanza. Sheria yao ya masoko ya kidijitali inaitaka WhatsApp ipokee ujumbe kutoka programu nyingine zitakazoomba. Signal yenyewe imekataa kuunganishwa, inahofia kiwango chake cha usiri kishuke, na hofu hiyo naiheshimu. Bado naamini njia ni hiyo, na wasimamizi wetu wa mawasiliano wangeanza kuidai huku kwetu, pamoja na kuhoji haya mabando yanayomfungia mtu kwenye programu moja.

Anayesema mtumiaji ndiye wa kulaumiwa karibu, tubishane. Ila aanze na simu ya yule mama: afute nini?