Injini ya bagi inazima ikipata moto: nibadilishe pistoni na silinda, ninunue injini nzima, au nihamie umeme?

Vumbi_Jekundu
Wakuu, salaam. Nina bagi ya nitro ya 1/8, yaani gari dogo la rimoti la mashindano, moja ya nane ya ukubwa wa gari halisi, lenye injini ya mafuta ya nitromethani; niliinunua ikiwa imeshatumika. Injini imeanza visa. Ikiwa ya baridi inawaka bila shida, ikishapata moto inazima kwenye sailensa (inaponguruma bila gesi), na haiwaki tena mpaka ipoe. Nimewaza mambo matatu: pistoni na silinda mpya, injini mpya kabisa, au niachane na nitro nifunge mota na betri. Mashindano ni wiki tatu zijazo. Nyie mngefanya lipi?

MamaSpana
Umeleta nusu ya swali. Injini ya ukubwa gani? Imeshakunywa lita ngapi? Mafuta yana nitromethani asilimia ngapi? Kichwa kinasoma joto gani inapoanza kuzima? Plagi ukiitoa inafananaje? Bila hayo tutakupigia ramli.

Umeme_Tupu
Funga umeme mkuu, mjadala uishe. Chaji, weka, kimbia. Hutavaa tena shati linalonuka ekzosi.

Vumbi_Jekundu
Samahani dada. Ni .21, yaani cc 3.5. Mafuta asilimia 25. Lita sijui, mwenyewe wa kwanza hakuwa anaandika. Plagi nimeshabadilisha tatu, hali ni ile ile.

MamaSpana
Joto?

Nyonyo_Asilia
Hiyo mbano umekwisha, yaani silinda haiibani tena pistoni kule juu. Pima mwenyewe: injini iwe baridi kabisa, toa plagi, zungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa kidole taratibu. Silinda hizi huchongwa nyembamba kidogo kule juu, kwa hiyo pistoni ikifika kileleni inatakiwa inase, uhisi kabisa kwamba umeifikisha ukutani. Ikipita kama kijiko kwenye uji, pistoni na silinda zimeshaachana. Ikiwa baridi bado inajitahidi kuwaka, lakini ikipata moto silinda inatanuka, nafasi inaongezeka, mgandamizo unapotea. Ndiyo maana inakusubirisha mpaka ipoe.

Na kuna njia ya nne hujaitaja: silinda kubanwa upya kule juu. Wapo mafundi wenye kifaa cha kazi hiyo. Ila kromu ya ndani iwe haijabanduka na pistoni isiwe na michirizi, la sivyo unabana takataka.

Vumbi_Jekundu
Nimejaribu sasa hivi. Inanasa, ila si sana. Sijui "sana" ndiyo ikoje, maana sijawahi kushika injini mpya.

KonaYaTatu
Kabla hujanunua pistoni na silinda, soma hii.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nikaagiza pistoni na silinda, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) nikaiacha ya zamani. Niliichezesha kwa vidole, ikacheza kidogo, nikajiambia hiyo ni nafasi ya mafuta tu. Kuitoa silinda nilifurahia mwenyewe: nikapasha bloku moto, nikapenyeza tai ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye tundu la ekzosi, nikazungusha flaiwili, pistoni ikaisukuma tai na silinda ikapanda yenyewe bila kupigwa nyundo. Nikafunga vipya, nikaona nimeshakuwa fundi.

Nikailainisha, yaani kuizoesha ikiwa mpya, matangi matano, polepole, mafuta mengi. Tangi la sita nikaifungulia. Kwenye nyoosho nikasikia *tak* moja tu, kama mtu kavunja kijiti, na gari likaendelea kuteleza kimya mpaka kwenye nyasi. Nikafungua kifuniko cha nyuma. Konrodi imekatika kwa chini. Kipande kilikuwa kimepigwapigwa humo ndani mpaka kikatoboa bloku. Sketi ya pistoni mpya imemeguka, silinda mpya ina mchirizi kutoka juu hadi kwenye tundu la ekzosi, pini ya krenki imekwaruzika. Kizima kilichobaki ni kichwa na kabureta.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba mbano mpya ni mkali, na kila pistoni inapopita kileleni konrodi ndiyo inayovutwa. Ile ya zamani tundu lake la chini lilikuwa limeshakuwa yai. Na sikuipasha injini moto kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, nikawa nainyonga ikiwa baridi. Kwa kukwepa kununua kachuma karefu kama kidole cha mtoto, nikanunua injini.

Nyonyo_Asilia
Pole sana. Lakini ulikuwa unatumia mafuta yenye nyonyo (mafuta ya mbarika) kiasi gani? Mengi ya siku hizi yana vilainishi vya kiwandani zaidi. Nyonyo inavumilia joto, ingekuokoa.

MamaSpana
Nyonyo haiokoi tundu lililokuwa yai. Tena ikizidi inaacha utando wa kahawia kwenye pistoni na plagi. Mchanganyiko wenye kidogo unatosha.

Nyonyo_Asilia
Utando ni wa mtu asiyesafisha.

Umeme_Tupu
Mota yangu haina konrodi 😂

KonaYaTatu
@Umeme_Tupu na betri yako ya 4S (seli nne) ikivimba utaiweka chini ya kitanda? Nitro naijaza sekunde chache pembeni ya njia, tangi la cc 125, naendelea. Fainali ya nusu saa wewe utaikimbia kwa betri ngapi?

Umeme_Tupu
Nani kasema anakimbia fainali ya nusu saa? Muulizeni kwanza. Na kufunga umeme si kuhamisha kila kitu: difu (gea za kugawa nguvu kwa magurudumu) zote tatu, shafti, shokamzoba, vyote vinabaki. Unatoa injini, tangi na ekzosi, unaweka kishikio cha mota, kidhibiti mwendo na sehemu ya betri.

MamaSpana
Na wiki ya tatu anagundua uzito wote umelalia upande mmoja, pinioni (gea ndogo ya mota) inakula gea ya kati kwa sababu nafasi ya meno hakuipima. Si kazi ya kuanza ukiwa na mashindano mbele. Isitoshe waandaaji wengi wanatenga madaraja ya nitro na ya umeme. Vumbi_Jekundu, unashindana daraja gani?

Vumbi_Jekundu
Nitro.

MamaSpana
Basi kwa mashindano haya umeme umejiondoa wenyewe. Ungesema mapema.

Geamaji
Nimechelewa, ila naona mnashusha injini ya mtu kabla ya kuangalia vya nje. Kuzima kwenye sailensa ikipata moto, mimi naanza na kengele ya klachi, kile kikombe chenye meno kinachofunika viatu vya klachi. Mle mna beringi mbili ndogo, nyingi ni 5x10x4, na ndizo zinazopata joto na vumbi kuliko zote garini. Zikikwama, kengele inashikamana na krenki, injini inakuwa inasukuma magurudumu hata kwenye sailensa, inachoka inazima. Inua gari, washa, achia gesi. Magurudumu yakizunguka, jibu unalo.

Pili, angalia hewa inayopenya: shina la kabureta, kifuniko cha nyuma, oringi ya mfuniko wa tangi, mpira wa mafuta wenye tundu usiloliona. Injini ikivuta hewa ya pembeni, hata ukichezea sindano (skrubu ya kupimia mafuta kwenye kabureta) mpaka kesho haitulii. Toa tangi, ziba bomba moja, puliza jingine, tangi likiwa ndani ya maji. Mapovu yatakuonyesha.

KonaYaTatu
Ongeza beringi ya mbele ya krenki. Ikilegea nayo inavuta hewa. Ukiona mafuta yamechuruzika nyuma ya flaiwili, ndiyo hiyo.

Nyonyo_Asilia
Mimi nasimama palepale, mbano.

Vumbi_Jekundu
Wakuu nimerudi. Nimefungua klachi. Beringi moja haizunguki kabisa, nyingine inazunguka na sauti ya mchanga. Viatu vya klachi viwili vimeliwa sawa, cha tatu kama hakijaguswa, na springi yake imekatika. Magurudumu yalikuwa yanazunguka kwenye sailensa kweli, mimi nilidhani ndivyo ilivyo.

Nikaendelea kufungua. Ndani ya koo la kabureta nimepitisha kidole, kimetoka na vumbi laini la rangi ile ile ya njia yetu.

Geamaji
Sehemu ya kwanza nilifurahi. Ya pili imenikata maini. Vumbi likiwa ndani ya kabureta, chujio limevuja, na hilo vumbi ni msasa. Sasa Nyonyo_Asilia naye anaweza kuwa sahihi.

Nyonyo_Asilia
Nilisema.

MamaSpana
Chujio ulilifunga na nini kwenye kabureta? Na sponji unazipaka mafuta gani?

Vumbi_Jekundu
Nimelichomeka tu, linabana. Mafuta ya injini ya gari.

MamaSpana
Lo. Fungia tai ya plastiki shingoni mwa chujio. Sponji zioshe, zikauke, uzipake mafuta mazito ya chujio, uziminye ndani ya mfuko mpaka rangi ienee kote. Hayo ya gari yanachuruzika chini, sponji ya juu inabaki kavu.

KonaYaTatu
Mimi nimetumia ya gari miaka, sijapata tatizo.

MamaSpana
Si wewe uliyetoboa bloku?

KonaYaTatu
Ile ilikuwa konrodi!! Mambo mawili tofauti.

Geamaji
Tuache hilo. Vumbi_Jekundu, beringi, springi na viatu vya klachi ni lazima, havina mjadala. Fungua na kifuniko cha nyuma, pistoni ikiwa chini kabisa shika konrodi, isukume juu na chini. Ikigonga, agiza konrodi, pistoni na silinda kwa pamoja au usiagize kitu. Na ukimaliza kukimbia usiache mafuta humo ndani. Methanoli inavuta unyevu, beringi zinalala na kutu. Iache injini iyachome mafuta yote yaliyobaki mpaka izime, kisha tone la mafuta ya kuhifadhia kwenye tundu la plagi na kwenye kabureta.

Vumbi_Jekundu
Asanteni. Beringi nimeshaagiza. Konrodi nimeisukuma, sijui ni kugonga au ni kucheza. Kichwa sina kipimajoto, natumia tone la maji, linakauka papo hapo.

MamaSpana
Papo hapo? Hilo ni joto kali mno, linatakiwa lichemke sekunde tatu nne. Sindano umekaza sana hiyo. Nunua kipimajoto kabla ya kitu kingine chochote.

Vumbi_Jekundu
Sawa dada. Halafu, difu ya kati inatoa mafuta pembeni ya kikombe, ni kawaida? Na ndani niweke mafuta ya uzito wa 5000 au 7000?

Umeme_Tupu
7000.

KonaYaTatu
5000, njia ikiwa na matuta 7000 itakurusha.

Geamaji
Njia yenu ikoje? Kavu, ya matope, ina miruko mingapi?