Kuku 180 chini ya michungwa: udongo umeharibika? Naomba ushauri

Binti_Michungwa
Habari za jioni wakuu. Nina ekari moja na nusu huku Chanika. Marehemu baba alipanda michungwa 46 na miembe michache. Mwaka jana baada ya masika niliingiza kuku chotara 180, mchana wanashinda chini ya miti, usiku wanalala bandani. Mwanzoni nilifurahi sana. Palizi imepungua, na maembe yenye funza yamepungua pia, maana yakidondoka tu kuku wameshayawahi.

Sasa michungwa 9 iliyo jirani na banda ina majani mengi ya kijani kizito, ncha zimeungua, na machungwa ni ya kuhesabu. Chini ni peupe na pagumu, mvua ikinyesha maji yanatiririka badala ya kuzama. Miti ya mbali haina tatizo. Ni kuku au ni ugonjwa? Miti hii ndiyo kumbukumbu ya mzee, sitaki kuipoteza.

Jogoo_Kijijini
Dada, mbolea ya kuku haiui mti. Kwetu kuku wamelala chini ya miembe tangu nazaliwa na inazaa mpaka leo. Tafuta dawa ya ugonjwa.

BwanaShamba_Mstaafu
Ndugu yangu Jogoo, hao walikuwa kuku wangapi? Kumi na tano wanaozurura mtaa mzima si sawa na 180 ndani ya uzio. Kuku mkubwa hutoa kama gramu 100 za kinyesi kwa siku. Kwa huyu binti ni kilo 18 kila siku, zaidi ya tani 6 kwa mwaka, na kuku hapendi kwenda mbali na banda lake.

Binti, majani mengi bila matunda ni dalili ya naitrojeni kuzidi. Ncha kuungua mara nyingi ni chumvi ya kinyesi kibichi, na mizizi ya mchungwa inayokula iko juujuu, inaipata yote. Fosforasi nayo hulundikana, kwa sababu mti unachukua kidogo tu, na ikizidi inazuia mti kupata zinki, madini ambayo mti unayahitaji kwa kiasi kidogo. Angalia majani machanga: yakiwa madogo na ya njano katikati ya mishipa, ndiyo hiyo. Ule ugumu umetokana na kukanyaga na kuchakura hadi nyasi zikaisha. Miti ya mbali imepata kiasi chake, ndiyo maana imetulia.

Mchanga_Kigamboni
Una kisima? Kwenye udongo wa kichanga naitrati, yaani naitrojeni ya kinyesi iliyoyeyuka, inashuka na mvua hadi kwenye maji. Kama kuna mtoto mchanga hapo nyumbani, usimkorogee maziwa kwa maji hayo kabla hayajapimwa. Kuchemsha hakuiondoi.

Binti_Michungwa
Kisima kipo, mita kama 20 kutoka bandani, na dada yangu ana mtoto wa miezi miwili. Leo hii nanunua maji ya dukani. Shikamoo Bwana Shamba, na asante. Kwa hiyo niwauze kuku?

BwanaShamba_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Usiwauze, wahamishe. Gawa shamba vipande vinne kwa wavu. Kuku wakae wiki mbili kipande kimoja, halafu kipumzike wiki sita nyasi ziote. Kwenye hiyo michungwa 9 waondoe kuku kabisa kwa mwaka mzima, tandaza majani makavu na nyasi, ila yasiguse shina.

Kinyesi cha bandani kikusanye pamoja na maranda, changanya na majani makavu, loanisha, geuza kila wiki. Kikishapoa na kuacha kunuka, baada ya miezi miwili au mitatu, ni mboji. Iweke pale kivuli cha matawi kinapoishia, na kwenye miti ile ya mbali tu. Usiimwage masika yakikaribia, itasombwa yote.

Mzee_wa_Pugu
Pima udongo kabla ya kununua chochote. Chukua sampuli mbili, moja ya karibu na banda na moja ya mbali, usizichanganye. Kila moja chota sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, koroga kwenye ndoo safi, toa nusu kilo, anika kivulini. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro wanapima, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga pia. Waambie wapime chumvi na zinki, siyo naitrojeni peke yake.

Binti_Michungwa
Kesho asubuhi naanza na ndoo. Wavu nitaanzia upande wa banda.