Mstari wa chaki na dakika 15: hivi ndivyo mnavyosaka vipaji vya watoto wetu?

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo tangu Jumapili, limegoma kushuka kooni.

Nafundisha timu ya vijana wa mtaani huku Mbagala, huu mwaka wa tisa. Mshahara hakuna, mipira tunachangishana. Juzi akademi moja ya hapa Dar ikatangaza majaribio ya vijana chini ya miaka 17, fomu Sh 20,000. Nina kijana namba sita, yaani kiungo mkabaji, mkata umeme haswa. Mama yake anauza mihogo ya kukaanga pale Rangi Tatu, hiyo hela aliichomoa kwenye mtaji. Tukatoka saa kumi na moja alfajiri, daladala mbili, tukafika geti bado limefungwa.

Mpira haukuguswa kwanza. Walichora mstari wa chaki ukutani, vijana wakapita mmoja mmoja kusimama chini yake. Asiyeufikia anatupwa kundi la mwisho. Wangu alipungukiwa vidole viwili tu. Wakamwandika 147 mkononi kwa makapeni, akakaa juani mpaka saa nane mchana.

Kundi lao likapewa dakika 15. Kumi na tano, wakuu! Vijana 22 wasiojuana, kila mmoja anataka aonekane, akipata mpira anapiga chenga mpaka anyang'anywe. Namba sita kwenye vurugu ile utamwonaje? Kazi yake ni kuziba njia kabla pasi haijapigwa. Nilihesabu: mpira ulimfikia mara nne, zote alituliza akampa mtu aliye huru. Mara mbili alizima shambulizi kwa kusimama tu mahali sahihi, bila kumgusa mtu. Yule bwana mwenye makaratasi alikuwa kageuka upande wa pili, simu sikioni. Filimbi ikalia, kundi lingine likaitwa.

Waliochukuliwa ni warefu. Baadhi yao nawajua, miaka mitatu nyuma walikuwa wanacheza ndondo na watu wazima, leo wana miaka 16 na ndevu zimenyolewa asubuhi ileile. Hakuna aliyeulizwa cheti cha kuzaliwa. Nchi hii Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, waliondolewa fainali za Afrika za 2005 kwa suala la umri, na tangu 2009 FIFA wanapima kifundo cha mkono kwa MRI kubaini waliozidi umri kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Sisi tunapima kwa chaki.

Usiku ule nikampigia mdogo wangu aliyeko Kanada, anaupenda sana mpira wa magongo wa kwenye barafu. Akanieleza kule timu za NHL, ligi kuu ya mchezo huo, zinavyochagua vijana kwa zamu, mmoja mmoja. Timu 32, raundi saba, kijana awe ametimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15. Kabla ya siku hiyo wasaka vipaji wameshamfuata msimu mzima, nyumbani na ugenini. Wanaangalia anavyorudi kukaba timu ikiwa imechoka, wanaongea na makocha wake. Kupima urefu na pumzi kwenye baiskeli kupo, lakini kunakuja baada ya wao kumjua mtoto. Na bado wanakosea! Pavel Datsyuk, aliyekuwa na umbo dogo, alisubiri mpaka akachaguliwa wa 171 mwaka 1998, akaja kubeba ubingwa mara mbili na Detroit. Martin St. Louis, mfupi vilevile, hakuchaguliwa na yeyote. Mwaka 2004 akawa mchezaji bora wa ligi na bingwa juu. Kama aliyekaa msimu mzima anakosea namna hiyo, wewe wa dakika 15 umeona nini?

Kuna lingine aliniambia, ndilo limeniuma zaidi. Watafiti wa kulekule waliona tangu miaka ya 1980 kwamba timu za vijana zimejaa waliozaliwa Januari mpaka Machi, maana umri unahesabiwa kuanzia Januari 1 na hao wanakuwa wametangulia kukomaa. Kijana wangu ni wa Novemba. Alisimamishwa ukutani na wenzake waliomzidi miezi kumi, hapo bado sijawagusa wale wa ndevu. Mbwana Samatta, aliyelelewa hukuhuku Mbagala mpaka akafika Genk na Aston Villa, kazaliwa Desemba 23.

Msije kunijibu kwamba vijana walikuwa zaidi ya 200 na siku ilikuwa moja. Fomu mmeziuza wenyewe. Pokeeni 60, wachezesheni mechi nzima mbili tatu, kila mmoja kwenye namba yake, na msaka vipaji awe anaangalia uwanja. Asiyefaa aambiwe kwa nini. Mama wa watu katoa elfu ishirini, hata sentensi moja hakupewa.

Tukiwa kwenye daladala kurudi, mtoto anaifuta ile 147 kwa mate, wino haubanduki. Halafu ananiuliza taratibu, "Kocha, kuna mazoezi ya kurefuka?"

Nilitazama dirishani mpaka Mtoni Kijichi, sikuwa na la kumwambia.

Jumamosi saa kumi jioni tuna mechi kwenye uwanja wetu wa mchanga. Kama humu kuna mtu anaifanya kazi ya kusaka vipaji kwa dhati, anitumie ujumbe nimwelekeze. Hakuna kiingilio. Aje tu akae dakika zote 90, amtazame namba sita.