Mnunuzi wa kahawa kutoka London: taarifa zake mtandaoni nizihakiki vipi?

katibu_kibosho

Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu habari za jioni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima 31 huku Kibosho. Kahawa tunaimenya wenyewe kwa mashine za mkono, tunaiosha, tunaianika kwenye vichanja. Msimu huu tuna magunia 38 ya kilo hamsini hamsini, yote pachimenti, yaani kahawa kavu ambayo bado ina ganda, yamepangwa stoo kwa mwenyekiti. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa wakala mwenye ofisi Arusha alituletea habari za kampuni ya London inayotaka kununua moja kwa moja kwetu. Akanitumia tovuti yao kwa WhatsApp. Nimeisoma yote. Ina picha za maghala na za watu wanaoonja kahawa, inasema wapo kwenye biashara tangu 1994, na chini kabisa kuna namba ya usajili yenye tarakimu 8. Ukurasa mmoja umeandikwa "bei ya soko la dunia", dola 8.80 kwa kilo, na wakala anasema hiyo ndiyo tutakayolipwa kwa pachimenti yetu jinsi ilivyo.

Kabla ya mkataba wanataka dola 450 za kutuingiza kwenye orodha ya wauzaji wao. Fedha ipo, ni akiba tuliyoweka ya kununua mashine mpya ya kumenyea. Mwenyekiti na wengi wameshakubali.

Nimelitafuta jina la kampuni kwenye Google, zikaja kurasa nyingi zinazoisifia, ila karibu zote zina maneno yaleyale. Nashindwa kujua ushahidi ni upi na tangazo ni lipi. Kikao ni Jumapili baada ya ibada, na wazee wananitegemea mimi kwa sababu ndiye mwenye simu ya intaneti. Naomba mnielekeze, nianzie wapi?

mpambanaji_tz

Mkuu, namba ya usajili si unayo? Iingize kwenye daftari la kampuni za Uingereza, ni bure. Ikitokea, basi ni kampuni halali, malizaneni nao. Fursa kama hizi hazipiti mara mbili.

karani_kiboriloni

Marahaba mdogo wangu katibu. Nimeshika vitabu vya kahawa hapa Moshi miaka 22, kwa hiyo nitaanza na bei. Hiyo unaweza kuipima ukiwa umekaa hapohapo nyumbani na kalamu.

Dola 8.80 si namba ya kubuni. Soko la New York la arabika, ndiyo aina ya kahawa yetu, hutaja bei kwa senti za Marekani kwa ratili moja, na kilo moja ni ratili 2.2046. Februari 2025 bei hiyo ilivuka senti 400, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia kabla. Zidisha 400 kwa 2.2046, unapata dola 8.82. Kwa hiyo aliyeandaa ukurasa ule huenda aliokota bei ya kweli mahali. Wewe sasa uliza maswali matatu: ni bei ya kahawa gani, ya lini, na ikiwa imefika wapi.

Ya New York ni bei ya kahawa iliyokwisha kukobolewa, iliyo ghalani ng'ambo. Yako bado ina ganda. Ukikoboa kilo 100 za pachimenti nzuri unabaki na kilo 80 hivi, na hata Shirika la Kimataifa la Kahawa hutumia kipimo hicho hicho, 0.80. Magunia yako 38 ni kilo 1,900. Kahawa safi itakayotoka humo ni kilo 1,520. Mtu anayekuahidi 8.80 kwa pachimenti anakuambia yuko tayari kulipa dola 3,344 kwa kilo 380 za maganda, kisha akoboe, apeleke bandarini na alipe meli kwa fedha yake. Kahawa ya Kilimanjaro iliyotunzwa vizuri hupata nyongeza juu ya bei ya New York, hilo lipo na nimeliandika vitabuni kwa mkono wangu. Ila nyongeza hutolewa baada ya kahawa kuonjwa. Huyu hajaonja hata punje yako moja.

Tarehe nayo haipo kwenye ukurasa wake. Bei ya kahawa hubadilika kila siku ya soko, na mimi bei isiyo na tarehe siiandiki kitabuni.

Ukitaka kulinganisha, tafuta bei za mnada wa hapa Moshi kutoka Bodi ya Kahawa. Zenyewe huandikwa kwa dola kwa kila kilo 50, na kila daraja kivyake: AA, A, B, PB na kuendelea. Gawanya kwa 50 upate ya kilo. Usichukue ya AA ukadhani ndiyo ya mzigo mzima, maana gunia lako likikobolewa hutoa madaraja yote.

Kuhusu aliyosema mpambanaji, daftari la Uingereza linaitwa Companies House na kweli kusoma ni bure. Lisome, lakini ujue linathibitisha nini. Hadi Mei 2024 mtu alisajili kampuni mtandaoni kwa pauni 12, na hadi Machi mwaka huohuo ofisi ile ilikuwa na uwezo mdogo sana wa kuhoji anachoandikiwa. Kuwemo daftarini maana yake fomu ilijazwa. Kwa hiyo usiishie kwenye jina, fungua ndani: ilisajiliwa lini, imeleta hesabu za miaka mingapi, inasema inafanya biashara gani. Kisha urudi hapa. Na fedha isitoke.

katibu_kibosho

Asante sana dada karani, hesabu ya maganda nimeirudia mara tatu. Nilikuwa sijaiona kabisa.

Nimeingiza namba. Imetokea! Imesajiliwa 1994 kama tovuti inavyosema, jina ni lilelile, hesabu zimeletwa kila mwaka, na shughuli iliyoandikwa ni uuzaji wa jumla wa chai, kahawa na viungo. Hata mtaa ni uleule. Nimemwonyesha mwenyekiti, amefurahi sana, anasema kumbe tulikuwa tunamwonea wakala bure.

karani_kiboriloni

Hapo ndipo pa kusimama, mdogo wangu. Umethibitisha kwamba London kuna kampuni yenye namba hiyo. Bado hujathibitisha kwamba anayekuandikia ndiye hiyo kampuni. Namba ile iko wazi kwa dunia nzima. Kama wewe umeisoma ukiwa Kibosho kwa dakika tano, mwingine naye ameisoma na kuibandika chini ya tovuti yake.

Fanya mambo mawili leo. Anwani ya tovuti nayo ina daftari lake. Zinazoishia na .uk zinasimamiwa na Nominet, zinazoishia na .com unaziulizia kwenye ukurasa wa kutafutia wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani. Jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa, lakini tarehe ambayo anwani ilisajiliwa huwa inaonekana. Itazame hiyo.

La pili, tafuta namba au barua pepe ya kampuni ile kwa njia isiyopitia tovuti uliyopewa. Usitumie namba aliyokupa wakala, wala iliyo kwenye ukurasa wao, kwa sababu ukiipiga utajibiwa na yuleyule. Waandikie waziwazi: fulani anasema ni wakala wenu, tovuti ni hii, anataka dola 450, je, mnamfahamu?

Halafu lipo la hapa nyumbani ambalo lingetangulia yote. Hakuna anayenunua kahawa na kuisafirisha nje bila leseni ya Bodi ya Kahawa. Ofisi yao iko mjini Moshi. Mwambie wakala akupe nakala ya leseni, uende nayo dirishani ukaulize.

binti_sakina

Habari zenu. Niko Arusha. Katibu alinitumia faragha jina la ofisi ya wakala pamoja na jengo, lipo barabara ya Sokoine, nami hupita hapo kila siku kwenda kazini. Leo nimepanda. Mlango aliousema ni wa duka la kuchapisha kadi za harusi. Dada wa pale amesema yule kaka alikuwa akija kuchapa karatasi zake na kuomba kukaa kidogo kwenye kiti cha wateja. Kibao chochote cha kampuni hakuna, si chini kwenye ngazi wala mlangoni.

Nimelitafuta pia jina hilo kwenye mfumo wa BRELA, ofisi ya serikali inayosajili biashara na kampuni. Lipo, ila limesajiliwa kama jina la biashara tu. Kaka katibu, kwenye karatasi uliyonitumia ameandika "kampuni". Jina la biashara na kampuni ni vitu viwili tofauti kisheria. Nyuma ya jina la biashara kuna mwenyewe, mara nyingi mtu binafsi anayefanya kazi kwa jina hilo, mkidaiana mnadaiana na yeye mwenyewe. Si kosa kuwa na jina la biashara, mimi mwenyewe ninalo la ushonaji. Kosa ni kujiita usichokuwa.

mpambanaji_tz

Nimesoma yote. Nilikosea kumwambia mwenzangu amalize, maana mimi huwa naishia kwenye "ipo au haipo". Katibu, samahani ndugu yangu.

katibu_kibosho

Ndugu zangu, nimerudi na majibu.

Anwani ya tovuti imesajiliwa miezi minne iliyopita. Kampuni inasema ipo tangu 1994 na hesabu zake zipo, halafu tovuti yake ina miezi minne. Hilo peke yake nililishika mkononi nikakosa usingizi.

Barua pepe ya kampuni yenyewe niliipata kwenye orodha ya wanachama wa chama cha wafanyabiashara cha kule kwao. Niliandika Jumatano usiku, Ijumaa mchana wakajibu. Hawana wakala Tanzania, hawatozi muuzaji ada yoyote, na tovuti ile si yao. Wameniomba niwatumie anwani yake kamili, nimewatumia. Wakala nilipomwomba nakala ya leseni alisema ataileta Jumatatu, halafu akanipigia mara nne kuuliza kama dola 450 zinaweza kutangulia Jumamosi.

Nimeteremka hadi mjini nikachapisha karatasi tatu: jibu lao, ukurasa wenye tarehe ya tovuti, na hesabu ya dada karani ya maganda. Kikaoni nilianza na hiyo ya hesabu. Wazee wa huku hawaijui ICANN, lakini wanajua gunia likienda kukobolewa linarudi na nini. Mzee mmoja mwenye magunia saba humo stoo aliishika karatasi muda mrefu, akasema, "Mtu wa kahawa hawezi kunilipa maganda." Mwenyekiti alinyamaza, kisha akasema akiba isiguswe. Kahawa itaenda mnadani kama miaka yote.

Dada karani, nakwenda kuomba mzigo wetu uonjwe kwanza. Sampuli naitoa vipi?

karani_kiboriloni

Usichote gunia la juu peke yake. Pitia yote 38, toa kiganja kwa kila moja, juu na chini ya gunia, changanya kwenye turubai kavu, kisha ndiyo ujaze mfuko wa sampuli. Andika juu yake tarehe na idadi ya magunia. Ukifika mjini nipigie, nitakupeleka.