Mjadala: Tramu Dar es Salaam, tuijenge au tuanze na reli tuliyonayo?

Wakuu, kila foleni inapozidi hoja ya tramu, yaani treni ya umeme ya mjini, hurudi, na wanaoiunga mkono wana sababu za maana. Jiji limefurika, barabara haziwezi kupanuliwa milele, na treni moja ya umeme inabeba abiria wa daladala nyingi. Umeme nao sasa tunao: bwawa la Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. SGR, ile reli ya kisasa, inafika Dodoma kwa umeme tangu 2024. Kwa nini basi isiwepo reli ya umeme ya Mbagala hadi Posta?

Shida ipo, sibishi. Nenda Gongo la Mboto alfajiri uone. Gari halijasimama, wengine wamegeuza nalo kutoka mbali ili wapate siti, mabegi yanarushwa dirishani. Mama anayewahi samaki Feri, ndoo tupu mkononi, anaambiwa asubiri gari la nyuma kwa kuwa ndoo inakula nafasi ya mtu. Akichelewa, samaki wazuri wameshanunuliwa. Huyo mama ndiye kipimo changu katika mjadala huu, na ndiye anayenifanya niseme tramu tusijenge sasa.

Tazameni Addis Ababa, Ethiopia. Walifungua reli yao ya mjini Septemba 2015: dola milioni 475, asilimia 85 ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, njia mbili, zaidi ya kilomita 30, treni 41. Nauli ilikuwa kati ya birr 2 na 6, fedha ya kwao, na watu wa kipato cha chini wakaikimbilia. Haikupita miaka kumi, zaidi ya nusu ya treni zile zikawa hazitembei. Kilichozilaza ni vipuri. Kipuri kinanunuliwa kwa dola, nauli inaingia kwa birr, na dola zenyewe ni za kutafutwa kwa tochi. Deni linaendelea kudaiwa treni ikiwa imeegeshwa. Tena mstari wenyewe umekata mitaa vipande, mtu wa miguu anazunguka kutafuta pa kuvukia. Fikirieni mstari wa aina hiyo ukipita Kariakoo.

Na kwetu dalili tumeshaziona. Mabasi ya Mwendokasi yalianza 2016, kilomita 20.9 za awamu ya kwanza, na karakana yao ikawekwa Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi. Mvua kubwa zikinyesha maji yanajaa, barabara inafungwa, safari zinakatika. Njia ya Mbagala ilikaa muda mrefu zege limekamilika na vituo vimesimama, mabasi hakuna. Kujenga tunajua. Tunakwama kwenye mafuta, matairi, vipuri na mishahara, mambo yanayodai fedha kila siku baada ya utepe kukatwa, na tramu nayo ina gharama zake za kila siku.

Kuna ndugu atasema basi nalo linaharibika. Kweli, lakini basi likizima linasukumwa pembeni na jingine linapita. Tramu ikizima, zote zilizo nyuma yake zimesimama.

Mimi ningeanza na treni ya Mwakyembe, treni ya abiria wa mjini iliyopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ile iliyoanza Oktoba 2012 juu ya reli ya zamani. Reli ipo, njia ipo, na upande wa Pugu inapita hapohapo Gongo la Mboto. Tatizo lake ni kwamba imezoeleka kuwa ya asubuhi na jioni tu. Iongezwe vichwa na mabehewa, ipite na mchana, vivuko vyake viwekwe salama, na daladala zipangiwe kuleta abiria stesheni badala ya kushindana nayo. Hayo yakienda sawa miaka mitano mfululizo, tutakuwa na watu waliozoea kuendesha treni ya mjini na hesabu halisi za abiria, na hapo maneno ya tramu nitayasikiliza kwa masikio mengine.

Anayeitaka tramu leo, naomba anijibu hili moja: mwaka wa nane, magurudumu yameisha na Hazina ina madeni mengine ya kulipa, nani atanunua mapya, na kwa fedha ipi? Nikiona fungu hilo limeandikwa kwenye mpango kabla ya ramani ya vituo, nitabadili msimamo hapahapa mbele yenu.